Kumtembelea Mwenzio Kanada Huku Maombi ya Ukaazi Yanasubiri: Mwongozo kwa Walioko Unguja na Pemba

Imeenea huku kwetu kwamba ukishapeleka maombi ya kumfuata mume au mke Kanada, huruhusiwi tena kwenda kutembea mpaka jibu litoke. Wengine huambiwa na wajaza fomu wa mitaani kwamba wakiomba viza ya matembezi wataliharibu faili. Kwa dhana hiyo watu wanakaa mwaka na zaidi wakionana kwenye simu tu. Na wapo wanaofanya baya kuliko hilo: wanaomba viza ya matembezi na kuficha kwamba wana ndoa.

Sheria ya Kanada haisemi hivyo. Sheria yao ya Uhamiaji na Ulinzi wa Wakimbizi ya mwaka 2001, kifungu cha 22(2), inasema kwamba nia ya kuhamia kwa kudumu haimzuii mtu kuingia kama mgeni wa muda, ilimradi afisa aridhike kuwa muda aliopewa ukimalizika ataondoka. Kwa hiyo kutaka kuishi na mwenzio si kosa, na huna sababu ya kulificha jambo hilo. Unachotakiwa kuthibitisha ni kwamba jibu likichelewa, utarudi Zanzibar na kusubiri.

Mwongozo huu ni wa Mtanzania aliye Unguja au Pemba, ambaye mwenzake ni raia au mkaazi wa kudumu wa Kanada, na maombi ya ukaazi yameshapelekwa au yako njiani kupelekwa. Anayedhaminiwa na mtu anayeishi Quebec aelewe kuwa mkoa ule una hatua zake za ziada.

Hatua ya kwanza: jueni faili lenu liko katika fungu gani

Mume au mke hudhaminiwa kwa njia mbili. Moja ni fungu la familia, ambalo kwa kawaida ni la anayeomba akiwa nje ya Kanada. Nyingine ni ya wanandoa ambao tayari wanaishi pamoja ndani ya Kanada. Fomu nyingi ni zile zile, lakini likija suala la safari tofauti ni kubwa.

Aliye katika fungu la familia anaweza kuingia Kanada kutembea na kutoka, na maombi yake yanaendelea. Yakikataliwa, mdhamini ana haki ya kukata rufaa kwenye Kitengo cha Rufaa za Uhamiaji. Aliye katika fungu la ndani anatakiwa aishi na mdhamini wake humo humo Kanada. Akitoka akashindwa kurudi, maombi yanaweza kukataliwa, na rufaa ile hana.

Hapa nawaomba mtulie mfikiri, kwa sababu sisi ni watu wa wazee na wa misiba. Mama akianguka ghafla Micheweni, mwanawe aliye Toronto hatakaa kupiga hesabu za uhamiaji, atapanda ndege. Kama viza yake ilikuwa ya kuingia mara moja tu, itambidi aombe viza mpya akiwa hapa, na huku faili lake linamtaka awe kule. Mimi humshauri kila mwenye mzee mgonjwa nyumbani apeleke maombi kwa fungu la familia, hata kama wakati huo yuko Kanada kwa matembezi. Inaruhusiwa. Inampa uhuru wa kuja kuzika au kuuguza bila kuacha nyuma faili linaloporomoka.

Hatua ya pili: kama inawezekana, mwenzio aje kwanza

Safari iliyo rahisi kuliko zote ni ya yeye kuja huku. Haina afisa wa kumshawishi, na kila ziara yake inalitia nguvu faili lenu, maana mnachotakiwa kuthibitisha ni kwamba ndoa ni ya kweli. Weka vipande vya tiketi za ndege, piga picha kurasa za paspoti zenye mihuri, na picha za pamoja zisiwe za siku moja na nguo moja. Picha ya mumeo amekaa barazani na babako ina uzito kuliko picha kumi za studio.

Angalieni hali yake ya uhamiaji. Raia wa Kanada anaweza kumdhamini mwenzie hata akiwa anaishi nje, ilimradi aonyeshe kwamba atarudi kuishi Kanada mwenzie akipata ukaazi. Mkaazi wa kudumu hana nafasi hiyo: anatakiwa awe anaishi Kanada muda wote maombi yanaposubiri. Kuja mapumziko ya wiki kadhaa si tatizo. Kuja kukaa miezi na miezi, akaacha kazi na nyumba kule, kunaweza kuyaangusha maombi. Tena ahakikishe kadi yake ya ukaazi haimalizi muda akiwa huku, kwa sababu bila hiyo shirika la ndege halitampandisha mpaka aombe hati maalumu ya safari.

Aliyekwisha kuchukua uraia wa Kanada ukubwani ameupoteza wa Tanzania, hata kama kazaliwa Mkoani na jina lake linajulikana mtaa mzima. Ataingia kwa paspoti ya Kanada na viza ya Tanzania, ambayo kwa Wakanada ni dola 50 za Marekani kwa kuingia mara moja. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 wageni wanaokuja Zanzibar wanatakiwa pia kuwa na bima ya safari ya Shirika la Bima la Zanzibar, dola 44. Akipitia Addis Ababa au Nairobi na kungojea ndege zaidi ya saa 12, achukue cheti cha chanjo ya homa ya manjano.

Kuna jambo la nikaha ambalo limewaumiza wengi. Tangu Juni 2015 Kanada haikubali ndoa iliyofungwa huku mmoja wa wanandoa hayupo, iwe kwa wakala, kwa simu au kwa mtandao. Nikaha ambayo bwana harusi alikuwa Kanada na kaka yake akamkubalia msikitini Wete ni halali kwa dini, lakini kwa faili hili haifai kitu. Kama ndivyo mlivyofunga, zungumzeni na wakili wa uhamiaji kabla hamjapeleka fomu yoyote. Na hata kama bwana harusi alikuwepo, kumbuka kwamba afisa wa kule huenda hajui desturi yetu ya bwana harusi kuwa msikitini na walii huku bibi harusi yuko nyumbani. Liandike kwenye barua waziwazi: nyote mlikuwa mji mmoja siku ile, nikaha ilisomwa saa fulani, kisha akaenda kumpa mkewe mkono. Ambatisha picha za sehemu zote mbili.

Hatua ya tatu: kusanya ushahidi wa kurudi

Hapa ndipo viza nyingi za watu wetu zinapokataliwa, na sababu inayoandikwa karibu ni ile ile: afisa hakuridhika kwamba utaondoka muda ukimalizika. Afisa huyo haijui shehia yako. Hajui kwamba una shamba, kwamba wewe ndiye unayemlea bibi yako, kwamba kikundi chenu cha mwani Jambiani hakiendi bila wewe. Kila kitu kinachokufunga hapa lazima kiwe karatasi.

Aliyeajiriwa apate barua ya ruhusa ya likizo yenye tarehe ya kuondoka na tarehe ya kuripoti tena kazini, pamoja na hati za mshahara. Anayefanya biashara achukue leseni, namba ya mlipa kodi na risiti za Mamlaka ya Mapato Zanzibar. Mwenye watoto wanaobaki achukue vyeti vyao vya kuzaliwa na barua za skuli.

Watu wa Pemba wanasahau kitu kikubwa walichonacho. Karafuu zinanunuliwa na Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ZSTC, na kila anayeuza anapata risiti. Risiti za misimu miwili mitatu, zikiambatana na taarifa ya benki inayoonyesha fedha hizo zikiingia, zinamweleza afisa kwamba una mali inayozaa kila msimu na inayohitaji mwenyewe awepo. Ziskani. Kama shamba halina hati, pata barua ya sheha inayolitaja shamba, idadi ya miti na mmiliki, kisha ongeza picha. Barua ya sheha peke yake haina nguvu, lakini ikikaa juu ya risiti inaeleza vizuri.

Taarifa ya benki iwe ya miezi sita na iwe ya kweli. Kukopa fedha kwa ami na mjomba ukaziweka benki ya PBZ wiki moja kabla ya kuomba kunaonekana mara moja: akaunti ilikuwa na laki mbili, ghafla ina milioni kumi. Kama safari inalipiwa na mumeo, sema inalipiwa na mumeo, na yeye aweke hati zake za mshahara na barua ya mwaliko inayotaja utalala wapi na nani atakulisha.

Hati zilizo kwa Kiswahili, vikiwemo vyeti vya ndoa na barua ya sheha, zifasiriwe kwa Kiingereza au Kifaransa na mfasiri anayetambulika. Tafsiri iliyofanywa na ndugu haikubaliwi, hata kama ndugu huyo ni mwalimu wa Kiingereza.

Hatua ya nne: jaza fomu ya matembezi bila kuficha kitu

Fomu ya viza ya matembezi ni IMM 5257 na hupelekwa kwa mtandao kwenye akaunti ya Idara ya Uhamiaji ya Kanada, IRCC. Ada ni dola 100 za Kanada, na dola 85 za alama za vidole kama hujawahi kuzitoa.

Fomu inauliza hali yako ya ndoa. Inauliza kama umewahi kuomba kuingia au kukaa Kanada. Inauliza kama umewahi kukataliwa viza ya nchi yoyote. Jibu yote kama yalivyo. Ukiandika "sijaolewa" wakati cheti chako cha ndoa kiko kwenye faili jengine la idara hiyo hiyo, umewaambia uongo kwa maandishi. Adhabu ya uongo au kuficha jambo la msingi ni kufungiwa kuingia Kanada miaka mitano, na ndani ya miaka hiyo hata maombi ya ukaazi huwezi kuyaleta. Nimeona ndoa ikikaa miaka yote hiyo kwa sababu ya kisanduku kimoja kilichotiwa alama ya uongo, na aliyeshauri kitiwe alikuwa mjaza fomu aliyelipwa na ambaye jina lake halimo popote kwenye faili. Kisheria, anayechukua fedha kwa ushauri wa uhamiaji wa Kanada anatakiwa awe wakili au mshauri aliyesajiliwa na Chuo cha Washauri wa Uhamiaji na Uraia cha kule. Muulize namba yake ya usajili, kisha itafute mwenyewe mtandaoni.

Pamoja na fomu, andika barua ya maelezo ya ukurasa mmoja, kwa Kiingereza. Kiini chake kiwe hivi: mimi ni mke wa fulani, tuliyeoana tarehe fulani. Maombi yetu ya ukaazi yalipokelewa tarehe fulani, namba yake ni hii. Naomba kumtembelea mume wangu kuanzia tarehe hii hadi hii. Natambua kuwa maombi ya ukaazi hayanipi haki ya kubaki, na kwamba yasipokamilika kabla ya muda wangu kwisha nitarudi Zanzibar. Nitarudi kwa sababu hizi, na ushahidi wake ni ukurasa wa nne hadi wa kumi na moja. Naomba maombi yangu yaangaliwe kwa kifungu cha 22(2).

Weka tarehe zinazoingia akilini. Mwalimu wa skuli akiomba wiki tano za likizo ndefu, anaeleweka. Mwalimu huyo huyo akiomba miezi sita, afisa atauliza nani anasomesha darasa lake.

Mwaka 2023 IRCC ilitangaza utaratibu maalumu wa kushughulikia viza za matembezi za wenye maombi ya ndoa. Hiyo ni sababu nyengine ya kuitaja namba ya faili lenu mapema, kwenye mistari ya juu ya barua.

Hatua ya tano: alama za vidole Dar

Baada ya kulipa utapata barua ya kutoa alama za vidole na picha, yenye muda wa siku 30. Huchukuliwa kwenye kituo cha maombi ya viza Dar es Salaam, kwa kila mwenye umri wa miaka 14 hadi 79. Anayetoka Pemba asipange kufika siku hiyo hiyo ya miadi. Boti zinaahirishwa bahari ikichafuka, khasa wakati wa kusi. Lala Unguja au Dar usiku mmoja kabla. Chukua paspoti yenyewe, si kopi, na barua ile iliyochapishwa.

Viza ikikubaliwa, paspoti hupelekwa kituoni kubandikwa stika.

Hatua ya sita: tiketi

Usinunue tiketi kabla ya viza kutoka. Ikishatoka, nunua ya kwenda na kurudi, na tarehe ya kurudi iwe ile uliyoiandika kwenye barua.

Tazama ndege inapita wapi. Ethiopian Airlines kutoka Zanzibar kupitia Addis Ababa hadi Toronto ni njia inayotumiwa sana. Tiketi ya bei nafuu inayopitia New York, Newark au Chicago ni mtego: Marekani haina utaratibu wa abiria kungojea ndege bila kupita uhamiaji, kwa hiyo utahitaji viza ya Marekani hata kama hutoki nje ya uwanja. Utagundua hilo uwanja wa ndege wa Kisauni, mbele ya kaunta, ndugu wote wamekuja kukuaga. Kwa viwanja vya Ulaya na Uingereza, angalia masharti ya kila nchi kwa mwenye paspoti ya Tanzania kabla ya kulipa.

Hatua ya saba: mpakani

Viza inakufikisha mlangoni. Anayekuruhusu kuingia ni afisa wa CBSA, wakala wa mipaka wa Kanada, na anaweza kukurudisha. Watu wetu wengi wanafika pale Pearson, uwanja wa ndege wa Toronto, wamechoka, Kiingereza kimeondoka kwa hofu, na wanaanza kujibu wanachodhani afisa anataka kusikia. Kaa utulie. Kama lugha inakupa shida, omba mkalimani.

Mazungumzo ya kawaida huenda hivi. Afisa anauliza umekuja kufanya nini. Jibu: nimekuja kumtembelea mume wangu. Anauliza utakaa muda gani. Taja tarehe ya kurudi, na umpe tiketi. Anauliza mumeo ana hali gani hapa. Sema ni raia, au ni mkaazi wa kudumu. Kisha linakuja lile linalowatetemesha watu: unataka kubaki hapa? Jibu la kweli ni refu kidogo kuliko ndiyo au siyo: "Tuna maombi ya ukaazi yanayosubiri, namba yake hii hapa. Safari hii ni ya matembezi, na nitarudi tarehe hii kwa sababu nina kazi." Ukishasema hivyo, nyamaza. Usijaze kimya kwa maneno.

Ukipelekwa chumba cha pili kwa maswali zaidi, usidhani umekamatwa. Binti wa ami yangu alikaa humo muda mrefu, afisa akamtaka karatasi moja moja: barua ya kazi, cheti cha ndoa, taarifa ya benki. Alikuwa nazo zote kwenye mkoba wa mkononi, zimepangwa kwa mpangilio ule ule wa barua yake ya maelezo, basi kila akiulizwa alikuwa anajua mkono wake uende wapi. Begi lililokwenda chini ya ndege halikusaidii pale. Waliokuja kukupokea wawe na simu zao wazi, kwa sababu afisa anaweza kumpigia mwenyeji wako, na majibu yake yafanane na yako.

Afisa ana uwezo wa kukagua mizigo na simu. Aliyebeba vyeti vyote vya skuli, wasifu wa kazi uliochapishwa upya na ujumbe wa kumwambia shoga yake "huku sirudi tena" ameshajibu swali kabla hajaulizwa. Nalisema hili ili ulipime moyoni kabla ya kuomba: kama kweli huna nia ya kurudi, usiombe viza ya matembezi. Subiri ukaazi.

Akikataa kukuingiza, mara nyingi anaweza kukuruhusu uondoke mwenyewe bila amri. Hilo ni afadhali kuliko amri ya kutengwa, inayokufungia mwaka mmoja, au mitano ikiwa ni kwa udanganyifu. Uliza kwa adabu kama unaweza kuondoa ombi lako la kuingia.

Na vyakula. Najua mama hawezi kukuacha uende mikono mitupu. Halua, karafuu, mdalasini, achari, papa mkavu, vyote vitaje kwenye tamko la forodha. Afisa ndiye anayeamua kipi kinaingia, kazi yako ni kukitaja. Kikionekana kisichotajwa unaweza kutozwa faini, na wewe ndiye uliyekuwa unamwambia mwenzake dakika chache zilizopita kwamba husemi uongo. Fedha taslimu za dola 10,000 za Kanada au zaidi nazo hutajwa.

Hatua ya nane: ukiwa ndani

Usipoandikiwa tarehe nyengine kwenye paspoti, mgeni hupewa miezi sita tangu siku ya kuingia. Usichanganye hiyo na tarehe iliyo kwenye viza. Viza inaweza kuwa ya miaka, lakini muda wa kukaa ni ule aliokupa afisa wa mpaka.

Mgeni hafanyi kazi, hata ya kusaidia jikoni kwenye mkahawa wa ndugu. Hana bima ya afya ya mkoa pia, kwa hiyo nunua bima ya safari kabla hujaondoka. Mwenye mimba alipime hili kwa makini, kwani gharama za kuzaa hospitali kule bila bima ni maelfu ya dola. Mtoto akizaliwa popote maombi yakisubiri, IRCC iarifiwe mara moja. Mtoto asiyetajwa anaweza kukosa kudhaminiwa baadaye.

Mkiona jibu liko karibu na mnataka kuongeza muda, omba kabla muda haujaisha, kwa fomu IMM 5708. Ukiomba ndani ya muda, unaruhusiwa kubaki mpaka jibu litoke. Ukichelewa, kuna siku 90 za kuomba kurejeshewa hali yako, lakini usilitegemee hilo. Tena, mwenye maombi ya ndoa yaliyokwisha kupokelewa, anayeishi na mdhamini wake chini ya paa moja na mwenye hali halali Kanada, anaweza kuomba kibali huria cha kazi. Ada yake kwa jumla ni dola 255. Hapo ndipo atakapoweza kufanya kazi kwa halali.

Kuhusu kutoka kwenda Marekani na kurudi: mwenzio atataka kukuonyesha maporomoko ya Niagara. Yaangalieni kutoka upande wa Kanada. Kuvuka daraja kunahitaji viza ya Marekani, na kurudi ni kukutana upya na afisa wa mpaka. Mwenye viza ya kuingia mara moja anaweza kurudi kutoka Marekani ikiwa muda wake wa awali wa kukaa haujaisha, lakini uamuzi ni wa afisa. Zamani watu walikuwa wakizunguka mpakani ili wapewe kibali cha kazi papo hapo. Tangu tarehe 23 Disemba 2024 huduma hiyo imesitishwa, kwa hiyo anayekushauri hivyo anakupa habari za zamani.

Hatua ya tisa: viza ikikataliwa

Kukataliwa viza ya matembezi hakuyaui maombi ya ukaazi. Ni mafaili mawili yanayopimwa kwa vipimo viwili. Usikimbilie kuomba tena kesho yake kwa karatasi zile zile. Mwenzio aliye Kanada aombe maelezo ya afisa kwa sheria yao ya kupata taarifa: ada ni dola 5, na wewe utasaini fomu ya idhini IMM 5744. Humo mtaona afisa alikwama wapi, na mara nyingi ni jambo linalorekebishika, kama mapato yasiyo na maelezo au barua ya kazi isiyo na tarehe. Kama uamuzi una kasoro ya kisheria, Mahakama ya Shirikisho inaweza kuupitia, na muda wa kufungua kesi kwa uamuzi uliotolewa nje ya Kanada ni siku 60. Hapo tafuta wakili.

Maombi mengine yoyote utakayojaza baadaye, ya nchi yoyote inayouliza, utaandika kwamba uliwahi kukataliwa.

Hatua ya kumi: jibu la ukaazi likikukuta safarini

Uwe Toronto au Chake Chake, soma barua pepe kila siku, pamoja na kisanduku cha taka. Ombi la vipimo vya afya, cheti cha tabia njema cha polisi au paspoti huja na siku za kujibu. Vipimo vya afya unaweza kufanya popote palipo na daktari aliyeidhinishwa na IRCC, pamoja na huko huko Kanada. Cheti cha polisi cha Tanzania ni vigumu kukifuatilia ukiwa mbali, kwa hiyo kishughulikie kabla hujapanda ndege.

Ukibadilisha anwani, paspoti au namba ya simu, ipeleke taarifa hiyo kwa fomu ya mtandaoni ya IRCC na ubaki na nakala ya uthibitisho. Ukaazi ukikubaliwa ukiwa Kanada, wajulishe kwamba uko ndani ili wakuelekeze namna ya kukamilisha. Ukikubaliwa ukiwa Zanzibar, hati ya kuthibitisha ukaazi ina tarehe ya mwisho ya kuingia, ambayo kwa kawaida hufuata vipimo vyako vya afya vinavyodumu miezi 12, au paspoti yako. Tarehe hiyo haiongezwi. Uage, uuze unachouza, ukabidhi shamba kwa utakayemkabidhi, na uwe umeshafika kule kabla yake.